Bustani Niliyomlimia Mke Wangu

Nina miaka thelathini na moja, mkulima wa kijiji cha ujamaa hapa Lushoto. Shule niliishia darasa la nne, hivyo mnisamehe nikikosea kueleza.

Mtoto wetu wa pekee alipofariki kwa surua, mke wangu Amina aliacha kusema. Hali, hapiki, anatazama ukuta tu... Nikampeleka hospitali moja ya misheni. Huko wagonjwa wa huzuni walipewa jembe na tuta la mboga. Ndiyo ilikuwa dawa yao. Aliyewafundisha aliitwa Zakaria, kijana mpole. Nasema mpole kwa sababu ni kweli, ingawa inaniuma!

Siku moja nilipokwenda kumtazama nikasikia kicheko. Cha Amina! Matope hadi viwikoni, anamtania Zakaria: "Wee kaka, karoti zako nyembamba kama miguu yako!"

Ningefurahi, sivyo? Moyo uliniwaka! Mimi nilimbembeleza miezi nisipate hata neno, huyu kwa mbegu tu apate kicheko? Baya kati yao sikuliona wala kulisikia. Lakini wivu unangoja ushahidi?

Nesi akaniambia, "Baba, wiki ijayo tunamruhusu. Mtafutie kishamba chake nyumbani."

Nikasema moyoni, Zakaria atanitambua! Kila tukitoka shamba la kijiji nililima nyuma ya nyumba. Nikapanda kabichi, karoti, vitunguu, nikavuta na mfereji wa maji.

Amina akarudi nyumbani, akaizunguka bustani polepole. "Umeshapanda kote?"

"Kote, mke wangu! Wewe pumzika."

"Na mimi nitafanya nini?"

Nilicheka... nikadhani ananisifu. Kila aliposhika jembe nilimnyang'anya, "Utachoka!" Huruma ilikuwepo, sitajisingizia. Ila nilitaka pia asiguse jani kwa namna aliyofundishwa na yule.

Ukimya ukarudi. Kaka yake akaja kumchukua, akaniambia bila matusi, "Shemeji, dada yangu alishaanza kupona. Wewe umemfanya mgeni."

Sasa yuko kwao Bumbuli, analima, anaongea. Kurudi amekataa. Wazee walikaa, mahari ikarudishwa. Kabichi zilifunga vizuri mno mwaka ule, na sikuwa na wa kula naye...

Wasomaji wenzangu, mtu wenu akianza kupona mikononi mwa wengine, msishindane nao! Mwachieni ardhi tupu alime mwenyewe, hata matuta yakienda upande. Nawasihi, msimpende mtu kama nilivyompenda Amina.