Seli Zilizopona Bila Dawa

Nilifungua kabati la joto asubuhi nikakuta vidonda vyote vimefunga.

Nikakaa chini nikalia.

Najua mnashangaa... kidonda kikifunga si watu hufurahi? Ngojeni niwaeleweshe.

Nafanya kazi maabara. Naotesha seli za ngozi kwenye visahani hadi zifunike chini pote, halafu nazikwaruza mstari katikati kwa ncha ya plastiki. Mkwaruzo huo ndio kidonda. Visahani vingine natia dawa tunayoichunguza, vingine sitii. Kisha naangalia kwa darubini seli zinavyotambaa kuziba pengo.

Na zote nazishindisha njaa. Zikishiba zinazaliana, pengo linajaa, hujui kama ni dawa au ni chakula.

Sasa asubuhi hiyo hata visahani visivyo na dawa vilikuwa vimefunga!

Kuna mtu alizilisha.

Na wafadhili walikuwa wanakuja kesho yake kuamua kama utafiti uendelee.

Nikamfuata mwenzangu ninayetumia naye kabati.

"Shosti, umegusa visahani vyangu?"

"Niguse vyako? Vyangu vyenyewe vinanishinda."

"Nani basi?"

Sauti ikatoka mlangoni.

"Ni mimi, mwanangu."

Profesa. Yule yule aliyenifundisha kuzishindisha njaa.

"Nilipita jana jioni nikaona zimekonda. Nikadhani jaribio bado hujaanza, umezisahau tu, nikasema nikusaidie."

Sikujua nicheke au nimrushie glavu.

"Sasa kesho tunaonyesha nini, Profesa?"

Akashusha sauti. "Onyesha picha za zile zenye dawa tu. Zimefunga vizuri. Hizo nyingine nani ataziulizia?"

Jamani... mtu niliyemwona kama mzazi.

Na mzazi wangu mwenyewe yuko nyumbani, ana kidonda mguuni kisichosikia dawa yoyote. Kila nikirudi baba ananiuliza, "Dawa yenu imefika wapi?" Utafiti ukifa, namjibu nini?

Kesho yake nikasimama mbele ya wafadhili na picha zote. Nikawaambia wazi kwamba seli zililishwa kimakosa, picha hazithibitishi kitu.

Wakatazamana. Wakashukuru kwa chai. Jioni ukaja ujumbe: hawaendelei.

"Umeturudisha nyumbani sote," Profesa akasema, akaninunia.

Dawa kidogo ilikuwa imebaki. Kwa hasira nikarudia jaribio, safari hii nikabandika karatasi kwenye kabati: ZINASHINDA NJAA. MSIZIHURUMIE.

Nikatazama. Visivyo na dawa, pengo wazi.

Vyenye dawa...

Pengo wazi. Vilevile.

Nikamwita Profesa. Akainamia darubini, akapitia kisahani kimoja kimoja, hadi shosti akamletea kiti.

"Mwanangu," akasema hatimaye, "tungewapaka watu maji."

Nimechukia, siwadanganyi. Kazi hakuna, dawa hakuna. Ila nyie mnaoanza kazi hii, onyesheni na ile picha inayowaumbua. Kuna mtu mahali anaisubiri hiyo dawa yenu kwa moyo wote.

Nasema hivyo kwa sababu ya jioni niliyorudi nyumbani na majibu hayo. Baba aliuliza kama kawaida.

"Haikufaa, baba. Tumeijaribu, haifanyi kitu."

Akauweka mguu sawa kwenye kigoda, akaguna.

"Bora umesema. Nesi ananiita kliniki tangu mwezi uliopita, nikamwambia aniache, mwanangu ananitengenezea dawa."

"Baba..."

"Usinikodolee macho. Kesho nipeleke."