Kisu cha Mkono Mmoja

Mti wa kwanza ulianguka saa tisa kasoro robo alasiri, na Anaclet alidhani ni radi. Wa pili aliuona kwa macho yake: mti mnene wa msitu wa Soignes, uliosimama pale tangu kabla babu yake hajazaliwa, ulielemea upande polepole, ukang'oka na mizizi yake yote, ukalala juu ya njia waliyoingilia asubuhi. Hapo ndipo alipoelewa kwamba walikosea kuja.

"Cécile," alimwita mkewe. "Simama. Tutoke."

"Bado," alijibu Cécile bila kufumbua macho. "Nimalize kwanza."

Alikuwa amepiga magoti chini ya turubai la buluu walilolifunga kwa kamba ya nailoni kati ya miti miwili, kando ya mfereji. Ilikuwa siku ya tatu ya kufunga kavu, bila chakula na bila tone la maji, na ilibaki mpaka saa kumi na mbili jioni. Huko kwao Bukavu watu wa maombi hupanda vilimani. Brussels haina vilima vya maana, kwa hiyo watu wa kikundi chao huenda msituni: asubuhi metro mpaka mwisho wa laini, kisha miguu, na jioni kurudi kulala nyumbani. Simu wanaziacha kwa Maman Darlène, kiongozi wao, ndani ya kikapu kimoja, mpaka siku tatu ziishe. Ndiyo kanuni, na hakuna aliyewahi kuibishia.

Kwa sababu ya kanuni hiyo hawakuona tangazo la upepo lililokuwa kwenye simu ya kila mtu mjini. Wala hawakuona utepe wa kufunga msitu, maana walipita alfajiri, kabla walinzi hawajaufunga. Watu wote wenye akili zao walikuwa majumbani wakitazama madirisha yakitetemeka. Msituni walikuwemo wawili tu, midomo imepasuka kwa kiu, wakimuomba Mungu kitu kimoja.

Kitu hicho kiliitwa Abigaël. Alikuwa na miaka kumi na miwili, alibaki Bukavu kwa bibi yake, na kwa miaka sita wazazi wake hawakuwa wamemgusa. Dossier ya kumleta ilitembea kutoka meza moja hadi nyingine, na vita vilipofika mjini kwao uwanja wa ndege nao ukafungwa. Cécile husafisha ofisi karibu na kituo cha metro cha Schuman. Kila akitoka kazini husimama kwenye metro akiwapima wasichana wa shule kwa macho: huyu angenifika begani, yule kidevuni. Wengine humkodolea macho. Hajali. Anataka tu kujua mtoto wake ana urefu gani.

Sasa inabidi nirudi nyuma wiki tatu, mpaka dukani, maana bila kile kilichonunuliwa pale mimi nisingekuwa na la kusimulia.

Mkono wa kushoto wa Anaclet una vidole vitano na vinavyofanya kazi ni viwili. Vile vitatu vya kati vilikatwa mishipa na msumeno wa karakana moja ya mbao, vikapona vikiwa vimenyooka moja kwa moja. Alipata kazi kwenye duka la vyakula la barabara ya Chaussée de Wavre, kufungua makatoni ya makayabu, samaki wa chumvi, na magunia ya maharage siku nzima. Kisu chake cha zamani cha kukunja kilihitaji ukucha wa mkono mmoja na nguvu za mkono wa pili. Akawa anakifungua kwa meno. Cécile alicheka mpaka siku alipoona damu kwenye ufizi.

Basi akaenda kwa Sylvestre, mtu wa Lubumbashi anayeuza kwenye duka la visu mtaa wa Ixelles. Sylvestre alitandika kitambaa mezani, akaweka visu vitatu.

"Ile ya kubonyeza button sina," alisema. "Loi, sheria ya hapa, inakataza. Hizi hapa, weye mwenyewe unaanza kufungua na kidole gumba, kidogo tu, springi inamaliza. Lakini police akikuuliza, ukuwe na sababu. Kazi ni sababu. Kutembea nayo bure, non."

Cha kwanza kilikuwa na mpini wa mti unaong'aa, kizuri cha kutamanisha, lakini springi yake ilikuwa kali na kisu kiliruka kiganjani kama panzi. Anaclet alikirudisha. Cha pili kilifunguka vizuri, ila alipoubana ubapa kati ya vidole na kuutikisa, ulicheza. Kisu kinachocheza kikiwa kipya, baada ya mwezi kitakukata wewe. Alikirudisha nacho.

Cha tatu alikaa nacho. Ubapa wa sentimita saba, laini mbele, meno ya msumeno karibu na mpini. Kilikuwa na kizuizi kidogo cha kuteleza ili kisifunguke mfukoni. Alikifungua macho wazi, akakifungua macho yamefumbwa. Alijaribu kukifunga kwa mkono uleule, kidole gumba kikisukuma loki na paja likiukunja ubapa. Kisha akaomba maji, akalowesha kiganja, akaanza upya.

Sylvestre aliangalia saa. "Tonton, unanunua kisu ao unaoa?"

"Muke nilichagua haraka kuliko hii," alisema Anaclet. "Na mikono yangu yote ilikuwa mizima."

"Na ile rangi ya machungwa? Ni ya batoto."

"Ndiyo nzuri. Ikianguka nitaiona."

Cécile hakukipenda kisu hicho hata kidogo. Hakubishana kuhusu springi wala ubapa. Alikaa kitandani na sare yake ya kazi, akasema kwa sauti ya chini: "Muntu mweusi na kisu mu mufuko, ku Schuman. Wakikukamata, unajua wataandika nini mu dossier ya mutoto?" Anaclet aliahidi kwamba kisu hakitatoka dukani. Lakini kabla mfungo haujaanza alikileta nyumbani, na asubuhi ile ya siku ya tatu alikitia mfukoni ili kukata kamba ya turubai, na hakumwambia.

Mti wa tatu hawakuusikia. Uligonga mmoja wa ile miti iliyoshika turubai, na yote miwili ikaenda chini pamoja. Anaclet alirushwa kwenye matope. Alipoinua kichwa, turubai halikuwepo, na mkewe hakuwepo.

Alimkuta mfereji­ni. Kamba ilikuwa imemburuta, turubai limemzunguka mwili, tawi nene limelala juu ya mguu wake wa kulia. Kamba yenyewe, iliyovutwa na uzito wa mti mzima, ilipita shingoni mwake. Macho ya Cécile yalikuwa wazi. Mdomo ulikuwa wazi pia, lakini hakuna hewa iliyoingia.

Anaclet alipiga magoti majini, akasukuma mkono wa kushoto kati ya kamba na koo. Vidole vile vitatu, ambavyo havikujua tena kukunja, havikukunja. Vilisimama pale, nailoni ikazama kwenye nyama yake, na Cécile akapata pumzi moja nyembamba. Asingeweza kuutoa mkono ule. Alichobaki nacho kilikuwa mkono wa kulia tu, nao umelowa.

Mfukoni. Kizuizi. Kidole gumba kiliteleza. Akakipangusa kwenye shati, shati nalo lilikuwa limelowa, akajaribu tena. Safari hii ubapa ulisogea kidogo, springi ikaushika, ukafunguka wote. Aliweka meno ya kisu kwenye kamba mbali na shingo, upande wa mti, akakereza. Mara ya kwanza zikachanika nyuzi. Mara ya tatu kamba ikakatika kwa kishindo na kumchapa shavuni.

Cécile alikohoa, akatapika maji ya matope, akakohoa tena. Anaclet alilia waziwazi, na hakuona haya.

Tawi alilinyanyua kwa kutumia tawi jingine. Muundi wa Cécile ulikuwa umepinda mahali ambapo muundi haupindi. Akakata vijiti viwili, akachana kitenge cha mkewe vipande virefu, akaufunga mguu huku Cécile akiuma mkono wa koti.

"Kisu," alisema Cécile kwa sauti ya kukwaruza. "Ulikuja nayo."

"Ndiyo."

"Ulinidanganya."

"Ndiyo, maman Abi. Nilikudanganya."

Cécile alifumba macho. Alianza kutetemeka, midomo ikawa ya kijivu. Mvua ilikuwa imejaza kikunjo cha turubai, maji safi ya kutosha vikombe kumi. Anaclet aliyachota kwa kiganja akamsogezea. Cécile akageuza uso.

"Saa haijafika."

"Cécile, utakufa hapa."

"Tuliahidi siku tatu. Ni kwa ajili ya mutoto. Tukivunja sasa, si yote itakuwa bure?"

Upepo ulipiga kelele juu yao. Anaclet alimtazama mwanamke huyu aliyekuwa tayari kukauka kabisa ili binti yao avuke, na kwa mara ya kwanza alimkasirikia.

"Bon. Sikia. Abigaël hakuomba maman asikunywe maji. Anaomba maman." Aliinamisha kichwa kwenye turubai akanywa, akanywa mpaka tumbo likauma. Kisha akajifuta. "Nimevunja miye. Kama Mungu iko na neno, aniulize miye. Sasa kunywa."

Cécile alimtazama. Halafu akafungua mdomo, akanywa kutoka kiganjani mwake, viganja sita, vya mwisho akivishika kwa mikono yake miwili.

Walikuwa wapi, hawakujua tena. Njia ilikuwa imezikwa. Mngurumo wa barabara kuu, ambao siku nyingine ungewaonyesha upande, leo ulitoka pande zote na upepo. Anaclet aliangalia mfereji. Maji yalikuwa yanakimbia kuelekea kushoto, na asubuhi, kabla ya kuingia msituni, walikuwa wamepita mabwawa ya Rouge-Cloître. Maji ya mahali hapa yangeenda wapi kama si huko?

Akamlaza mkewe juu ya turubai, akatoboa pembe mbili kwa kisu, akapitisha kamba, akaivaa begani. Kisha akavuta. Mita hamsini zilichukua robo saa. Kwenye kila mti ulioanguka ilibidi amvushe Cécile mikononi, arudi kufuata turubai, aanze tena. Mara mbili kamba ilinasa kwenye kisiki na mara mbili aliikata na kufunga fundo jipya, kwa meno na mkono mmoja.

"Sema kitu," alimwambia kila mara sauti ya nyuma yake ilipokatika. "Usilale."

"Unafikiri eko anafika wapi?" aliuliza Cécile. "Abi. Ku bega yangu?"

"Ku sikio. Ni mutoto wa kwetu, ni murefu."

"Ku sikio," alirudia Cécile, na Anaclet akasikia kwamba anatabasamu.

Kamba ilinasa mara ya tatu karibu na mabwawa. Alikuwa ameinama, kisu wazi mkononi, damu ya shavu ikimtiririka shingoni, pale watu wawili wenye makoti ya manjano walipotokea kati ya miti, wamebeba msumeno wa mashine.

"Angusha kisu," mmoja alisema kwa Kifaransa. "Kiangushe sasa hivi."

Anaclet aliona kile walichokiona: mwanaume mwenye kisu, mwanamke anayeburutwa juu ya turubai, alama ya kamba shingoni mwake. Miaka sita ya makaratasi ilipita kichwani. Alifungua kiganja, kisu kikaanguka kwenye majani.

Kutoka chini, sauti iliyobaki nusu ilisema kwa Kifaransa: "Ni mume wangu. Ameniokoa. Nisaidieni mguu."

Mlinzi wa msitu alipiga magoti. Mwenzake alikuwa tayari ameshika redio, akiita gari la wagonjwa.

Hospitalini walimwambia Anaclet kwamba mguu utapona, kwamba figo zilikuwa zimechoka lakini zitarudi, kwamba koo limevimba na mgonjwa asijaribu kuzungumza. Kweli, Cécile hakuwa na sauti tena hata ya kunong'ona. Muuguzi Tasnim aliketi kando ya kitanda na fomu.

"Mtu wa kumjulisha," alisema. "Mbali na mume, maana yuko hapa."

Cécile aliomba kalamu. Aliandika jina la Abigaël na namba ndefu aliyoijua kwa moyo.

"Anaishi Brussels?"

"Bukavu," alijibu Anaclet. "Ana miaka kumi na miwili."

Tasnim aliweka kalamu chini taratibu. "Madame, nahitaji mtu anayeweza kufika ukiitwa usiku."

Cécile alinyoosha kidole, akagusa jina lilelile. Muuguzi alisogeza kiti karibu. Kisha akatoa simu yake mwenyewe, akaipiga ile namba, akamwekea Cécile sikioni.

Iliita muda mrefu.

"Allô?" Sauti ya msichana ilikuwa nzito kuliko waliyoizoea. "Allô, ni nani?"

Cécile alifungua mdomo. Hakikutoka chochote ila hewa. Anaclet alinyoosha mkono apokee, lakini mkewe aliishika simu kwa nguvu.

"Ni nani?" Kisha kimya. Kisha, polepole: "Maman. Ni weye. Niko nasikia venye unapumua."

Machozi yalimtiririka Cécile mpaka masikioni.

"Kama hauwezi kusema, haina neno," alisema Abigaël. "Bakia tu. Miye niko hapa."

Cécile alibakia. Tasnim aliokota kalamu, akajaza jina lile kwenye fomu kama lilivyoandikwa, akatoka akiuvuta mlango nyuma yake.