Sharti la Mzee Nzivo

Wayua alikuwa hewani moja kwa moja kutoka soko la Jericho, amevaa blauzi ya njano na suruali nyeusi iliyonyooka kwa pasi, akieleza habari za vijana waliotoweka baada ya maandamano, twiga alipopita nyuma yake. Twiga wa mti, begani mwa kijana aliyejaa vumbi la mbao hadi kwenye kope. Wale wachache waliokuwa bado wanatazama kituo kile kidogo cha runinga walimwona vizuri.

"Niaje, madam," kijana alisema kamera ilipozimwa. "Twiga wangu ametokea poa?"

"Ametokea poa kunishinda."

"Basi leta namba. Wakimtaka tena, nijue nimpeleke wapi."

Huyo ndiye Nyamai, mchongaji wa Kaloleni. Wayua alikuwa amechoshwa na simu za vitisho, hampi mtu namba ovyo. Kwa Nyamai aliitoa, usiniulize kwa nini.

Wakapendana. Kila jioni baada ya taarifa, simu ililia.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula maneno ya polisi."

"Hayo hayashibishi. Kuja, shangazi amepika muthokoi."

Kituo chenyewe kilikuwa kinanyongwa polepole. Matangazo ya biashara yalikauka, kisha mitambo ikazimwa, wakahamia mtandaoni. Wenzake waliondoka mmoja mmoja. Wayua akawa anaitwa na polisi kuandikisha maelezo yaleyale. Mwanzoni aliogopa. Baadaye roho ilikufa ganzi, akawa anakaa kwenye benchi lao kama mtu anayesubiri zamu kwa kinyozi.

Kitu kimoja tu kilikuwa bado kinamgusa. Nyamai alikuwa apeleke ntheo kwao Kangundo, mbuzi watatu ambao wazazi wakishawapokea, msichana wa Kikamba ni mke wa mtu. Jumamosi hiyo polisi wakamwita tena, wakakaa na simu yake kutwa. Aliporudishiwa, alimpigia baba yake, Mzee Nzivo.

"Hatujaona mtu," baba akasema.

Akampigia Nyamai.

"Haikuwezekana, mpenzi."

"Uliogopa?"

"Tutaongea."

"Tuongee nini? Hata matangazo ya sabuni yalinikimbia, sembuse wewe." Akakata, akaifungia namba yake isimpate tena.

Mwezi ukapita. Asubuhi moja alikwenda Kaloleni kumrudishia Nyamai koti lake, amejifunga leso kichwani na kuvaa sweta iliyopauka. Nyuma ya nyumba alikuta mbuzi watatu wakitafuna majani ya kabichi, na Shangazi Mbithe akiwafukuza kwenye nguo alizoanika.

"Afadhali umekuja," shangazi akasema. "Hawa mbuzi wako watamaliza shuka zangu. Tangu babako awarudishe kutoka getini, sina raha."

"Baba aliwarudisha?"

Nyamai alitoka nje, patasi mkononi. Alikuwa amekonda.

"Chifu alikuwa ameenda kumtisha babako juu ya kazi yako," alisema. "Mzee akaniambia, mwambie aache TV kwanza, ndiyo nipokee mbuzi. Nikamwambia hayo siwezi kukwambia."

"Na mbona hukusema ni yeye?"

"Ni babako. Halafu ungeacha, Wayua. Kwa ajili yangu ungeacha, na kila ukiniangalia ungekumbuka ile kazi. Sikutaka."

Wayua alimtazama. Alijua huu ndio wakati wa kulia, na macho yake yalikuwa makavu.

"Nimeacha," akasema.

"Umeacha nini?"

"Kazi. Jana nilimrudishia bosi maikrofoni. Niliwavumilia wote kwa sababu jioni ulikuwa unapiga. Nikaifungia namba yako mwenyewe, na baada ya hapo sikuona navumilia nini."

Shangazi Mbithe alichukua beseni lake, akaingia ndani polepole.

"Rudi," Nyamai akasema. "Nitakusindikiza leo hii."

"Nirudi wapi? Nilikuwa wa mwisho. Bosi alifunga mlango jana hiyohiyo."

Patasi ilikuwa bado mkononi mwa Nyamai.

"Bado unanitaka?" Wayua akauliza.

"Nakutaka."

"Basi wapeleke mbuzi kesho. Baba atawapokea."

Nyamai akaweka patasi chini, akamshika mkono. Wayua aliuacha humo, akingoja uanze kuhisi.