Hereni Ndani ya Koti Kumi na Nne

Jumanne, tarehe tisa mwezi wa tatu, saa nne asubuhi, ndipo mambo yalipoharibika. Dobi wa hospitali alitia mkono kwenye mfuko wa koti namba kumi na nne, kama kazi inavyodai kabla koti halijaingia mashineni, akatoa hereni ya kike. Moja. Ya kijani.

Koti alilijua. Ile namba ndani ya ukosi aliishona mwenyewe kwa uzi mwekundu, maana mvaaji alikuwa mchumba wake, msukuma vitanda vya wagonjwa. Walikutana kwa kugongana kwenye korido iliyofurika watu: kitanda hakina breki, kikaparamia kapu lake la mashuka. Wakubwa waliombwa breki mwaka mzima, wakaleta saa ya ukutani.

"Samahani, Povu," kijana alisema siku hiyo, akiitazama sabuni kwenye nyusi za dobi.

"Povu mwenyewe! Breki wee!"

Majina yakaganda, na mapenzi nayo. Jumamosi hii shangazi yake Breki alikuwa aende kwa mama yake Povu kuposa.

Povu akapiga simu.

"Naam, roho yangu," Breki akaitika. "Umenikumbuka mapema leo."

"Hereni ya nani kwenye mfuko wako?"

Breki akasimamisha kitanda alichokuwa akisukuma.

"Unanipekua?"

"Kupekua ndiyo kazi yangu."

"Basi fanya kazi." Akakata.

Breki jibu alikuwa nalo. Ila marehemu baba yake alimlea hivi: mwanamume akijieleza, amekwisha kukiri. Akalimeza jibu. Chakula hakipiti. Wenzake walioisikia simu wakamtania, "Leo umekaguliwa?" Aibu ikamfanya apitie mlango wa nyuma.

Povu naye alilelewa na mama aliyeachwa. "Ukiona kimoja, tisa vimefichwa," mama alizoea kusema. Basi akawa mpelelezi. Kila muuguzi aliyepita alimtazama masikio kwanza, uso baadaye. Aliunguza shuka mbili kwa pasi. Gauni lake la bluu likaanza kumpwaya.

Alhamisi, mzee wa jikoni aliinama kufunga kiatu mbele yake, ukosi ukafunguka. Uzi mwekundu. Kumi na nne.

"Mzee, hilo koti umelipata wapi?"

"Binti yangu, tangu juma lililopita mtu anavaa lolote linalotangulia mkononi. Amri ya juu. Kwani huko mnakofulia hamkuambiwa?"

Hawakuambiwa. Anayekaa kwenye kiti cha kuzunguka atamwambiaje anayefua? Amri hutoka juu, ila wanaoumia nayo ni wa chini.

Akamkuta Breki kwenye ngazi za nyuma, shati limepigwa pasi, macho mekundu.

"Kwa nini hukusema makoti yanabadilishana?"

"Hukuniuliza. Ulinihukumu."

"Na juma lote hilo, kumi na nne uliwahi kulivaa?"

"Sikutazama namba, Povu. Nilivaa, nikasukuma."

Hapo ndipo Povu alipoona ugumu wake. Aliyeitia hereni mfukoni huenda si mpenzi wake. Huenda ni yeye. Koti limepita mabega mengi, halina ulimi. Yaliyobaki ni kuamini, na kuamini hakuoshwi mashineni.

"Shangazi aje?" Breki akauliza polepole. Kisha, kwa mara ya kwanza maishani, akajieleza, maneno yakimkwama kama mtoto anayejifunza kusoma: "Sina mwanamke mwingine. Nilinyamaza kwa kiburi. Nilidhani ndio uanaume."

Povu akamfunga kifungo kilicholegea. "Aje. Lakini asile kwetu kama hujala wewe. Umekonda, kama mti wa ufagio."

"Wewe je? Gauni linakuvaa!"

Wakacheka, wa kwanza akiwa Breki. Anayejua thamani ya kicheko hicho ni yule aliyewahi kuchelewa kusema, na leo hana wa kumwambia.

Hereni iko kwenye sanduku la vitu vilivyookotwa, haijadaiwa. Shangazi alikwenda, siku ya harusi imepangwa. Ila pale pale kwenye ngazi Breki aliuliza jambo, na mpaka leo kila mmoja anamngoja mwenzake ajibu:

"Mimi ni wa kunyamaza, wewe ni wa kupekua. Tukishakuwa nyumba moja, nani ataanza kuacha?"