Miadi ya Paani

Foleni ilikuwa imefika mlangoni mwa duka la miwani dada mmoja alipojipenyeza, ovaroli ya buluu, hereni za fedha, akaweka darubini ya macho mawili juu ya kaunta.

"Kaka, hiki kidude kinanionyesha kila kitu mara mbili."

Fundi miwani aliitazama darubini, akamtazama mwenyewe, akasahau alikuwa akimhudumia nani. "Lenzi moja imekwenda upande. Unatazama ndege?"

"Natazama vitu visivyokwenda popote."

Hakuelewa. Alichojua ni kwamba dada yule alikuwa fundi wa madishi ya runinga, kwamba alimbatiza jina Miwani, na kwamba kila alipompigia simu, moyo ulimwenda mbio. Miezi mitatu wakawa chanda na pete. Kisha ukaingia mwezi wa tisa.

"Mpenzi, leo jioni nije?"

"Leo nina miadi, Miwani wangu."

"Na nani?"

"Na setilaiti."

Akacheka mpaka machozi. Lakini usiku ule simu ya mpenzi wake ilizimwa, na usiku wa pili, na wa tatu. Siku ya tano akaenda mpaka kwenye jengo lake. Mlinzi hakungoja kuulizwa mara mbili.

"Shemeji, usinitaje. Kila usiku wanapanda paani. Yeye na mwanamume mmoja hivi. Na mkeka."

Mkeka! Alirudi nyumbani kama aliyepigwa rungu. Chai ikamkataa, kitanda kikamkataa. Saa tatu usiku akaandika: "Asante kwa yote. Kila mtu ashike njia yake." Akatuma. Saa tano, asijue anakwenda kugombana au kuomba radhi, alikuwa akipanda ngazi za jengo lile. Kule juu, gizani, sauti anayoipenda ilikuwa ikinong'ona:

"Usiwashe taa. Subiri kidogo… sasa!"

Akasukuma mlango.

"Funga! Mwanga!" walimkemea wawili kwa pamoja.

Mpenzi wake alikuwa amelala chali mkekani, darubini imefungwa kwenye nguzo ya dishi. Kwenye kigoda alikaa mzee mwenye daftari na saa.

"Huyu nani?" aliuliza fundi miwani.

"Mjomba wangu, aliyenifundisha kazi. Lala hapa uone, haraka."

Alitazama. Nyota zilisogea polepole, zikapita. Katikati yao nukta moja haikusogea hata kidogo.

"Hiyo ndiyo setilaiti inayoleta picha kwenye madishi yangu," alimnong'oneza. "Majira haya ya usiku na mchana kulingana, jua linaimulika usoni."

Nukta ilizidi kung'aa, ikazidi, halafu ikafifia. Ikatoweka.

"Imeharibika?"

"Imeingia kwenye kivuli cha dunia. Itatoka baada ya saa moja hivi."

"Na simu unaizimia nini?"

"Mwanga wake unaharibu macho yaliyokwisha kuzoea giza. Kwani ulinitafuta?"

Mjomba, mtu mzima, akasema magoti yake yanataka kupumzika, akashuka na kigoda chake.

"Nimekutumia ujumbe," alisema fundi miwani. "Tafadhali, usiusome."

Akawasha simu, akausoma, bila shaka. Mwanga wa simu ulimwangaza uso muda mrefu, fundi miwani akashindwa kujua ni hasira au ni kilio.

"Mimi nilikwambia kweli, ukacheka. Mlinzi, maana yule hana siri, akakupa nusu ya habari, ukaamini."

"Ni wivu, mpenzi. Nilichanganyikiwa."

"Na sasa?"

"Bado."

Mpenzi wake alikuwa ameshaanza kuandika kwenye simu. Simu ikatetemeka mfukoni mwa fundi miwani: "Jumapili saa nne asubuhi, kwa mama. Vaa shati lenye kola. Njoo na wakubwa wako."

Aliusoma mara mbili, akausoma tena. "Huu ni msamaha au ni posa?"

"Waulize hao wakubwa. Zima simu, Miwani, unanipofusha."

Akaizima, akajilaza mkekani kando yake, akijiuliza ni baba mdogo yupi wa kumwamsha alfajiri.