Mama Mkwe si Waya wa Simu

"Mwambie nimefika salama, mama."

"Amesikia. Yuko hapa anakunja nguo, na sauti ya simu nimeifungulia. Anasema hongera."

"Hongera peke yake?"

"Peke yake, tena kwa kununa."

Fundi wa kuchomelea vyuma aliketi ukingoni mwa kitanda, ghorofa ya tano, katika nchi ambako hakumjua hata mtu mmoja. Ilikuwa siku yake ya nne, na ndiyo kwanza apate laini ya kupigia simu nyumbani. Mkewe hakuwa amemsemesha tangu alipoukuta mkataba wa kazi wa miaka miwili umekwisha tiwa saini, umefichwa chini ya mashati. Siku ya safari alimtumia ujumbe mmoja tu: "Nikusindikize vipi, nami sikuambiwa unakwenda? Ukifika, jiulize kama bado una mke."

Swali hilo lilimtisha kuliko ugeni wenyewe.

"Mwambie huku ni kuzuri, mama. Barabara pana, chumba kina joto, watu wakarimu."

Mama mkwe alisikiliza mnong'ono wa bintiye. "Anasema kama raha ni hiyo, basi hukupungukiwa na kitu. Kaa huko huko."

"Sikukusudia hivyo, mama."

"Mimi nafikisha tu. Mjumbe hauawi."

Fundi alitazama dirishani. Chini, watu walipishana huku wakitazama viatu vyao. Akaona uongo uliomponza nyumbani ndio huo huo anaoutuma kwa simu.

"Mwambie nimedanganya. Sijui kama watu ni wakarimu, kwa maana sijazungumza na yeyote. Siku ya kwanza nilimwamkia kila niliyepishana naye ngazini. Bibi mmoja aliukumbatia mkoba wake, akashuka mbio. Kituoni niliwasalimu watu saba, wote saba wakahamia upande wa pili wa nguzo."

Simu ikakoroma.

"Mama, unalia?"

"Nacheka, baba, uniwie radhi. Endelea."

"Kazini msimamizi huniamrisha kwa kidole. Jana nilijisalimu kwenye kioo, nikajiitikia, nisije nikaisahau sauti yangu. Na meza ina viti viwili. Kimoja nimekigeuzia ukutani. Sipendi kukiona kitupu."

Safari hii mama mkwe hakucheka.

"Anauliza kwa nini ulimficha."

"Niliogopa angekataa."

"Anasema... La, wanangu. Mimi si waya wa simu. Shika mwenyewe, useme naye."

Ukasikika mchakacho wa nguo, kisha pumzi aliyoijua.

"Ningekataa siku mbili," mkewe alisema. "Siku ya tatu ningefunga mizigo yetu sote."

"Nisamehe, mke wangu."

"Sijasema nimekusamehe. Mkataba wako unaruhusu mke?"

"Baada ya miezi sita."

"Basi kesho ukaombe fomu, na uisome neno kwa neno nikisikia, kabla hujatia saini. Ukinificha jambo tena, utazungumza na mama hadi uzeeni."

"Nani?" sauti ikauliza kwa mbali. "Mimi simo."

Wote wawili wakacheka, na kicheko cha mkewe kikakatikia kwenye kwikwi. Alipopata pumzi aliuliza kwa upole:

"Leo umekula?"

"Bado."

"Weka simu hapo kando ya jiko, ukapike. Sikati."