Tundu la Sita

Shangazi yangu ni fundi wa injini, na si mtu wa kutishika ovyo. Ukimwambia mambo ya majini atakuuliza kama yanabadilisha plagi. Lakini hili alinisimulia mara moja tu, kwa sauti ya chini, chai ikipoa mkononi.

Jumamosi moja asubuhi aliitwa na mama mmoja amtengenezee gari la mumewe. Lilikuwa gari la zamani sana, limewekwa kwenye banda la matofali lililoshikana na nyumba. Mume mwenyewe alikuwa mgonjwa wa kifua, amelala chumba cha pili. Ukuta mmoja tu ulimtenganisha na shangazi.

"Usishtuke akikohoa," mama yule alisema. "Wewe nizibulie njia za oili. Ikipanda juu, haishuki."

Shangazi akafungua kifuniko cha juu cha injini. Tope jeusi, zito kama lami. Chini yake kulikuwa na matundu sita ya kurudishia oili, yote yameziba. Akamimina mafuta ya taa, akachukua spoki ya baiskeli, akaanza kuchokoa huku akipiga mluzi.

Tundu la kwanza likazibuka. Oili ikashuka taratibu. Nyuma ya ukuta, mgonjwa akavuta pumzi ndefu.

Imetokea tu, alijiambia. Akazibua la pili. Pumzi nyingine, ndefu zaidi. Kufika la tatu, mluzi ulishamkauka mdomoni. Kila alipozibua tundu, kifua cha yule mwanamume kilifunguka.

Akaenda mlangoni apate hewa. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje.

"Mama? Mbona umenifungia?"

"Maliza kwanza, fundi." Sauti ilikuwa karibu mno, kama mdomo umegusa ubao.

Banda halikuwa na dirisha. Akarudi kwenye injini. La nne. La tano. La sita, spoki ikagusa kitu laini. Akakivuta polepole. Kilikuwa kipande cha kola ya shati la kiume, kimefungwa kwa nywele ndefu, fundo juu ya fundo.

Mgonjwa akaguna.

"Hicho kiache," mama alinong'ona mlangoni. "Hicho nilikiweka mimi."

Shangazi hakukiachia.

"Alishafunga begi, fundi. Alishawasha gari. Nilitaka asiondoke tu. Sikujua na mengine yataziba. Matano yanamtosha kupumua. Kirudishe, nikufungulie."

Kifua cha shangazi nacho kilianza kubana. Hewa ilikuwa nzito. Ndipo ukuta ukasema, taratibu:

"Dada... nimechoka."

Shangazi akalificha lile fundo ndani ya ovaroli. Akachana kitambaa chake cha kufutia mikono, akakisokomeza kwenye tundu.

"Nimekirudisha!"

Kimya. Mama hakufungua. Alikuwa anasikiliza.

Jasho likamwingia shangazi machoni, asithubutu kujifuta.

Kisha, nyuma ya ukuta, mgonjwa akakohoa. Kikohozi kikavu, cha kujilazimisha.

Komeo likavutwa.

Shangazi alipita pembeni ya yule mama bila kumtazama usoni. Boksi la vifaa aliliacha humo humo, na hajalifuata hadi leo. Alipokata kona ya mtaa alilifungua fundo lile kwa kucha, unywele kwa unywele, akalitupa mtaroni.

Jioni hiyo hiyo mwanamume yule alifariki.

"Sijui nilimfungulia au nilimuua," shangazi aliniambia.

Asubuhi iliyofuata alifungua mlango wa nyumba yake mwenyewe. Kwenye saruji, palepale kizingitini, kulikuwa na alama mbili za nyayo. Miguu mitupu, ya mwanamume mzima, kwa oili nyeusi. Amezisugua kwa sabuni, kwa petroli, kwa brashi ya chuma. Nimeziona kwa macho yangu.

Vidole vimeelekea barabarani. Nyayo za kuingia hazipo.